Shahidi wa Mdahalo

Maji yalikuwa yamekatika tena wodini, kwa hiyo nesi alichovya koleo la kusafishia vidonda katika kibakuli kile kile alichotoka nacho kitanda cha jirani, akalikung'uta hewani, akauinamia mguu wa mnoa visu.

"Mbona hulibadilishi?" aliuliza mke wa mgonjwa.

"Mama Kwanini, umeshaanza," nesi alijibu bila kuinua uso. "Lingine linasubiri kuchemshwa, na umeme nao hakuna."

Jina hilo alibandikwa na manesi mara tu alipomleta mumewe. Aliuliza kwa nini wagonjwa wawili walale mzungu wa nne kwenye kitanda cha mtu mmoja. Aliuliza kwa nini shuka lililotoka kwa marehemu asubuhi limetandikiwa mgonjwa mchana. Kwao ilikuwa kero, kwake ilikuwa tabia ya siku zote. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na wateja walikuwa wamemfunza kwamba anayekuita "dada yangu" zaidi ya mara mbili ana jambo. Hata salamu aliipima kwanza kabla ya kuiitikia.

Lakini safari hii alikuwa na sababu. Mumewe aliingia hospitali na mguu uliovunjika tu. Pikipiki ilimparamia akiwa juu ya baiskeli yake ya kunolea visu, na daktari wa mifupa mwenyewe alisema mvunjiko ni safi, watatia chuma na baada ya muda atakanyaga pedali zake kama zamani. Usaha ulianzia humu humu wodini. Alianza jirani wa kushoto, akafuata mnoa visu, kisha jirani wa kulia. Sasa safu nzima ilinuka harufu moja, na hakuna daktari aliyeitaja harufu hiyo mbele ya ndugu wa wagonjwa.

Dawa za kukausha usaha hazikuwepo kwenye dirisha la dawa la hospitali, akaelekezwa akanunue nje. Alinunua katika duka la dawa lililotazamana na lango la hospitali. Vidonge vile vilimwachia unga vidoleni hata kabla havijafika mdomoni kwa mgonjwa. Alimrudia muuzaji, akamwuliza ni dawa gani hii inayochubuka. Muuzaji alicheka, akamwambia dawa za siku hizi zimetengenezwa laini ili ziyeyuke upesi. Hakumwamini hata chembe. Lakini angenunua wapi pengine? Alimpa mumewe vyote, hata zile siku homa ilipompanda akawa haongei ya maana na kumwita mkewe kwa jina la mama yake aliyefariki zamani. Alimfumbua kinywa kwa kijiko, akambembeleza kama mtoto, akasubiri mpaka ameze. Hakuruka hata kimoja. Usaha ukaendelea kutoka.

Ndipo daktari wa mifupa alipowaeleza kwamba vijidudu vya mguu ule vimekuwa sugu, havisikii dawa za kawaida. Zilibaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa sindano ya dripu aliyoiita dawa ya akiba, inayofungiwa kabatini kwa mfamasia na kutolewa kwa idhini ya jopo la dawa. Ya pili ilikuwa kukata juu ya goti. Mnoa visu alisikiliza akitazama dari. Jiwe lake la kunolea lilizungushwa kwa miguu. Bila mguu mmoja angekuwa mtu aliyekaa tu karibu na baiskeli. Baada ya daktari kuondoka alimwambia mkewe kwamba kama ni kukata, basi bora wangemwacha chini ya ile pikipiki. Mkewe alimkaripia, kisha akaenda kusimama nje ya choo cha wodi na kulia mpaka kamasi zikamchosha.

Huko ndiko alikokutwa na ofisa wa elimu ya afya, ambaye kila mtu alimwita Bwana Elimu. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye fulana iliyoandikwa MALIZA DOZI kifuani. Alimpa pole. Alijua habari za mguu, alijua na dawa ya akiba, jambo lililomfanya Mama Kwanini afute macho haraka na kumtazama vizuri. Alimweleza kwamba wanafunzi wa udaktari na uuguzi watakuwa na mdahalo ukumbini juu ya chanzo cha usugu wa dawa na kuenea kwa maambukizi. Hoja ilikuwa kwamba chanzo kikuu ni wagonjwa wenyewe. Upande wa kuunga mkono ulihitaji shahidi wa kweli, mgonjwa au ndugu yake, wa kusema kwa mdomo wake kwamba dawa ilikatizwa.

"Lakini haikukatizwa," alisema.

"Mama, wote husema hivyo."

Aliuliza kwa nini yeye. Bwana Elimu alisema wengine wanaona haya. Aliuliza kwa nini asiitwe yule muuza dawa wa langoni akaulizwa kuhusu unga wake. Bwana Elimu alicheka kwa upole na kusema huo utakuwa mdahalo mwingine.

"Mganga mkuu atakuwepo," aliendelea, akishusha sauti. "Jopo la dawa lote litakuwepo. Wakuone umesimama, umetusaidia. Halafu mimi nitawakumbusha mguu wa mzee wako. Ni maneno tu, mama. Maneno hayakati mtu mguu."

Alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Alilijua hilo vizuri kuliko alivyowahi kujua jambo lolote. Lakini harufu ya mguu wa mumewe ilikuwa imemganda puani, na katika hospitali nzima huyu ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia kuna mlango. Alikubali. Hakumwambia mumewe, wala hakumwambia wifi yake, dada wa mnoa visu, ambaye alishinda uani na ndugu wengine wa wagonjwa na ambaye toka zamani aliamini kaka yake angeweza kuoa pazuri zaidi.

Ukumbi ulijaa makoti meupe. Mvulana wa upande wa kuunga mkono alikuwa na ulimi mwepesi. Alisema wagonjwa huacha dawa wakipata nafuu, hugawana vidonge kama karanga, wengine huwapa kuku wao wakizubaa, na watu wakacheka sana. Kisha alisimama msichana mwembamba wa upande wa kupinga. Alizungumzia dawa bandia zinazouzwa peupe, mashamba makubwa yanayowalisha mifugo dawa za binadamu ili inenepe, na mabomba yanayokaa makavu. "Na humu humu ndani," alisema, "katika wodi zetu wenyewe, vifaa vya kusafishia vidonda..." Mwenyekiti akagonga kengele. Muda umekwisha. Msichana alitazama saa ya ukutani, akamtazama mwenyekiti, akakaa. Mama Kwanini alitamani amfuate amkumbatie. Ila msichana yule hakuwa na ufunguo wa kabati lolote.

Aliitwa mbele. Kipaza sauti kilirusha sauti yake mpaka uani, naye akashtuka kuisikia ikirudi dirishani. Alisema yeye ni mke wa mgonjwa. Alisema mumewe alipewa dawa, naye hakummalizia dozi.

"Kwa nini ulimkatizia?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. "Niliona amepata nafuu," alisema. "Nikaona nizitunze zilizobaki. Zitafaa siku nyingine."

Walimpigia makofi mengi. Mwenyekiti alimsifu kwa ujasiri, akaiambia hadhira kwamba wamesikia wenyewe, na kura zilipohesabiwa upande wa kuunga mkono ulishinda kwa mbali. Bwana Elimu alimvika fulana kama yake, wakapigwa picha. Katika safu ya mbele mfamasia mkuu, mwanamke wa miwani, alikuwa akimtazama bila kupiga makofi. Mama Kwanini aliliona jicho lile, lakini alijiambia kwamba leo asishuku. Alihisi uchafu mwili mzima, akajipa moyo kwamba uchafu huo utatoka mguu ukipona.

Kesho yake daktari wa mifupa na yule mfamasia walikuja pamoja kitandani. Wifi alikuwa ameshafika, amekaa upande wa kichwani, amempa Mama Kwanini mgongo.

"Jopo limekataa," daktari alisema.

"Kwa nini?"

"Dawa ya akiba haipewi mgonjwa mwenye historia ya kukatiza dozi," mfamasia alijibu badala yake. "Akiikatiza na hii, vijidudu vitaizoea, na baada ya hii hatuna nyingine. Si kwamba hatumhurumii."

"Hakukatiza."

"Nilikuwepo ukumbini, mama."

Aliwaeleza yote. Alisema alitungiwa maneno, akaahidiwa. Mfamasia alitaka kujua aliahidiwa na nani, na alipotajiwa Bwana Elimu alisema Bwana Elimu amesafiri kikazi, amepeleka mdahalo wilaya nyingine. Mama Kwanini alishika chuma cha kitanda.

"Dawa yenyewe si dripu? Si manesi wenu ndio watakaomtundikia hapa hapa? Sasa mimi nitaikatiza vipi?"

Daktari alimtazama mfamasia.

"Mwongozo hautofautishi," mfamasia alisema. "Na wewe jana umesema hivi, leo unasema vile. Sisi tutajuaje lini ulisema kweli?"

Daktari alisema chumba cha upasuaji kitakuwa wazi kesho asubuhi. Aligusa paja la mnoa visu, juu ya goti, kwa vidole viwili, akaonyesha mahali. Kisha wakaondoka, wakisimama kidogo kwa jirani wa kulia, ambaye naye usaha wake ulikuwa umezidi, na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumshitaki kwa kukatiza chochote. Mama Kwanini aliwafuata hadi korido, akiwaita. Mlinzi alimzuia mlangoni kwa adabu, akamwambia arudi kwa mgonjwa wake.

Aliporudi, wifi alikuwa amesimama.

"Tuliokaa uani tulikusikia wote," alisema. "Nilidhani masikio yangu. Watu wakaniuliza, huyo si mke wa kaka yako? Nikakosa pa kuuficha uso wangu."

"Wifi, nilisema ili apewe dawa."

"Ulizitunza. Zitafaa siku nyingine. Ulizitunzia nani?"

Alimgeukia mumewe, kwa kuwa yeye ndiye alikuwepo, yeye ndiye aliyemeza. Mnoa visu alikuwa anamtazama. Uso wake ulikuwa umekonda, ndevu zimeota ovyo, na macho yalikuwa makavu kabisa.

"Zile siku za homa," alisema taratibu. "Sikumbuki kitu, mama watoto. Kuna usiku na mchana wake sina kabisa kichwani. Ulinipa zote?"

"Nilikupa zote."

"Na jana uliwaambia nini?"

Kila jibu alilolifikiria lilikuwa limeshasemwa kwenye kipaza sauti, na kila lililobaki lilifanana na la mtu anayetafuta pa kutokea. Alimwambia tena kwamba alimpa zote. Alisema kwa mara ya tatu, akajisikia mwenyewe akisema kwa mara ya tatu, kama wale wateja wake wa "dada yangu". Mumewe aliendelea kumtazama kwa muda mrefu, akiwa kama anatafuta kitu usoni mwake na hakioni. Halafu aligeuza shingo kuelekea ukutani.

Wifi aliinama, akautoa mfuko wa dawa chini ya mto, akautia mkobani mwake.

"Kuanzia leo kaka yangu nitamnywesha mimi," alisema.

Mnoa visu hakugeuka, lakini alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kuelekea upande aliokuwa dada yake. Wifi alifungua mfuko ule, akahesabu, akamwekea vidonge viwili kiganjani, huku mwili wake ukimkinga Mama Kwanini asivifikie. Vilikuwa vya maumivu. Vya usaha havikuwamo hata kimoja.