Makofi Mawili ya Kitasa

Tuelewane mapema tusije tukasumbuana baadaye: Kitasa hakuwahi kuwa mchezaji mkubwa. Alikuwa beki wa kati wa timu ya Kiwanda cha nyuzi, daraja la pili, miaka kumi na sita mfululizo, na katika miaka yote hiyo alifunga mabao matatu, mawili akiwa amejifunga mwenyewe. Lakini kumpita ilikuwa shughuli, ndiyo maana wakamwita Kitasa. Siku akiboronga, mashabiki walipiga kelele kwamba leo kitasa kimeachwa na ufunguo mlangoni, naye alicheka pamoja nao.

Goti lilipomkatalia, akawa kocha wa Kiwanda hicho hicho. Alifundisha kitu kimoja kwa moyo wake wote: mtego wa kuotea. Alichukua kamba ya katani, akawafunga mabeki wanne viunoni, huyu na huyu, akawazungusha uwanjani mpaka kamba ikawachubua. Akipiga makofi mawili na kusema "Pandeni!", wote wanne wanapanda mbele kwa pamoja, washambuliaji wa watu wanabaki nyuma yao wameotea, kibendera juu, kwisha habari. Hakuna kuuliza, hakuna kugeuka kuangalia nani kasema. "Ukifikiri, umechelewa," aliwaambia kila siku iendayo kwa Mungu. Nahodha wa mabeki hao alikuwa mtoto wa dada yake, ambaye Kitasa mwenyewe alimlea tangu akiwa na miaka saba. Klabuni wote walimwita Mpwa, hata wasio na undugu naye.

Halafu wakamfukuza. Siku hiyo alikuwa anachora mistari ya uwanja kwa chokaa, simu ikatetemeka mfukoni. Katibu ameandika: "Uongozi unakushukuru kwa mchango wako." Basi! Miaka ishirini na miwili, maneno matano. Kitasa akasoma, akairudisha simu mfukoni, akamalizia kuchora boksi la penalti. Mimi ningeimwaga ile chokaa mlangoni kwa katibu, lakini mimi siye yeye.

Tangu hapo akawa mtu wa ganzi. Timu ya Soko, wapinzani wa jirani, walipomtaka, alikubali kama mtu anayeongezewa chai. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, siku hizi hata nikikukanyaga husemi aah."

"Sisikii kitu," alijibu, na hakuwa anatania.

Sasa ona mambo. Mechi ya mwisho ya msimu, Soko wanakwenda kucheza na Kiwanda, tena kwenye uwanja wa Kiwanda. Kiwanda wakitoka sare tu wamebaki, Soko wanashuka daraja. Soko wakishinda, Kiwanda ndio wanaoshuka, na mwenye kiwanda alishatangaza kwamba timu ikishuka anaifuta, hataki tena kusikia habari za mpira. Mpwa alikuwa na miaka thelathini na moja. Nani angemsajili?

Asubuhi ya mechi dada yake akampigia simu. "Kaka, sikuombi ufungwe. Kazi ni kazi. Ila nataka kujua kitu kimoja. Ukimshusha mwanangu, itakuuma?"

"Sijui, dada."

Alisema kweli. Alijipapasa moyoni, hakukuta kitu.

Alipofika uwanjani miguu ikampeleka moja kwa moja chumba cha kushoto. Mlinzi wa mlangoni, aliyemjua tangu ujana wao, ikabidi amzuie. "Kocha, samahani. Wageni mlango wa kulia."

"Aa, kweli," Kitasa akasema, akageuka. Mlinzi akajifanya anatafuta funguo.

Dakika themanini za kwanza sikusimulii, zilikuwa mbovu. Mpira ulikaa hewani kuliko chini, na kila aliyeupata aliupiga mbali kama anafukuza mbwa. Sifuri kwa sifuri. Kitasa alisimama kando ya mstari, mikono nyuma, akitazama kama mtu anayengoja zamu yake hospitalini.

Dakika ya themanini na nane, Soko wakapata faulo karibu na mstari wa kati. Kiwanda, kwa woga wa kuipoteza sare yao, wakarudi nyuma mpaka wakawa wanamkanyaga kipa wao. Washambuliaji watatu wa Soko nao wakajazana mle mle. Kitasa akaliona kosa. Beki wa kushoto amezama, Mpwa anamwita kwa mkono, mwenzake hata hamwoni. Ukuta umeharibika kabisa. Mpigaji akarudi nyuma hatua mbili.

Makofi mawili. "Pandeni!"

Sauti ilitoka kabla Kitasa hajajua kwamba ni yake. Na mabeki wanne wa Kiwanda, kana kwamba kamba bado iko viunoni, wakapanda. Hawakuuliza, hawakugeuka. Wale washambuliaji watatu wakabaki nyuma yao, wameotea vizuri kama mazoezini, wakasimama hawaugusi mpira. Lakini kulikuwa na kiungo wa Soko aliyekuwa anakuja mbio kutoka mbali, na huyo hakuotea. Mpira ukapita juu ya vichwa vyote, ukamkuta yeye na kipa tu. Akauweka pembeni. Bao.

Kocha mpya wa Kiwanda akamrukia refa, analia kwamba wamedanganywa. Refa akamjibu kwamba yeye hawezi kumkataza mtu kupiga kelele kwenye benchi lake. Dakika mbili baadaye, filimbi.

Wachezaji wa Soko wakambeba Kitasa juu. Mwenyekiti wao alikuwa anamrukia huko chini, jasho linamtiririka. "Mzee, wewe jini! Umewaita mabeki wao kama kuku wa nyumbani, wakaja!" Mtangazaji wa redio akamnyooshea maiki. "Kocha, ule ujanja uliupanga lini?"

"Mpira ndivyo ulivyo," Kitasa akasema. Watu wakacheka, wakaona anajivunga tu. Moyoni bado hakukuwa na kitu.

Walipomshusha, akaenda mlango wa kushoto. Safari hii hakukosea, na mlinzi hakumzuia.

Ndani alikuwemo Mpwa peke yake, viatu bado miguuni. Wenzake walishatoka kwa mlango wa nyuma kukwepa mashabiki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Bomba la bafuni lilikuwa linadondosha maji. Lilikuwa hivyo miaka yote.

"Nakuuliza mara moja tu, sitarudia," Mpwa akasema. "Ulituita makusudi?"

Jibu rahisi lilikuwepo, na huko nje watu walikuwa wanalishangilia.

"Niliona mmelala nyuma," Kitasa akasema. "Kushoto kazama. Nikaogopa mtafungwa."

"Tutafungwa sisi?"

"Nyie. Nilisahau, mwanangu. Nilisahau kwamba niko upande ule."

Mpwa akainama kufungua kamba za kiatu. Fundo lilikuwa limelowa, likakataa, akaliacha. "Bora ungesema ni hila," akasema. "Hila ningekukasirikia, nikamaliza."

"Najua."

"Sasa sikiliza, mjomba. Soko wakilijua hilo, watakutimua kesho. Sema ulipanga. Mimi nitasema hivyo hivyo, hata kwa mama."

"Mama yako atanichukia."

"Heri akuchukie ukiwa na kazi. Mmoja wetu abaki nayo."

Kitasa akapiga magoti mbele yake kulifungua lile fundo, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa na miaka saba. Goti bovu likagonga sakafu.

"Aah!"

"Umeumia, mjomba?"

Kitasa alitaka kusema si kitu, kama alivyozoea. Machozi yakamwahi, yakadondokea kwenye kiatu kile, naye hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kwenye fundo.

"Inauma," akasema. "Mwambie mama yako inauma."