Mtetemo wa Kwenye Tisini

...na kwenye sabini hakuna kitu, sabini gari limelala kama mtoto aliyeshiba, sabini na tano bado, themanini ndipo unaanza, si kelele, ni kitu cha chini ya kelele, kinapanda kutoka sakafuni, kinaingia kwenye kiti, kinapita makalio ya fundi mkubwa wa miaka hamsini na mitatu na kwenda kukaa kwenye magego, na fundi akalegeza vidole, akaushika usukani kwa ncha tu kama mtu anayepima homa, usukani umetulia, kwa hiyo si tairi za mbele, haya, hayo tuliyajua tangu jana, ongeza, themanini na tano, tisini, na kwenye tisini ndiko nyumbani kwake huyu mtetemo, maji katika chupa iliyo mapajani pa mkewe yakajikunja vimistari vimistari, chupa aliyompa yeye, shika hii mama, usinywe, iangalie tu, na mkewe anaangalia barabara. "Yanatetemeka?" "Yanatetemeka." Basi, neno moja, wiki tatu sasa anajibiwa neno moja moja, utakula, nitakula, umelala, bado, tangu siku ile alipomfukuza gerejini shemeji yake, mdogo wa kiume wa huyu huyu mwanamke, fundi kijana wa miaka kumi na tisa ambaye kila mtu alimwita Taratibu kwa sababu nati moja aliikaza kama anamvisha bibi harusi pete, na leo sanduku lake la spana liko kwenye buti, wanampelekea, maana gari hili la mwalimu mstaafu lilihitaji barabara ndefu ya kupimia na mkewe alisema kama unakwenda huko kwa Taratibu basi na mimi nakwenda, sentensi ndefu kuliko zote alizomwambia mwezi huu... akakanyaga klachi, akatoa gia, injini ikashuka ikapumzika, gari likateleza lenyewe, na mtetemo upo, upo vile vile, haukuijali injini hata kidogo, akarudisha gia, kwa hiyo si injini, si klachi, ni kitu kinachozunguka kwa mwendo wa magurudumu, na magurudumu yamebalansiwa mara mbili, ya mbele yamekwenda nyuma na ya nyuma mbele, kros, vile viungo vyenye umbo la msalaba, mpya, beringi ya katikati mpya, inabaki propela, lile bomba refu linalopita chini ya tumbo la gari kupeleka nguvu nyuma, vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, ukikosea jino moja tu kros ya mbele na ya nyuma hazitazamani tena, kila moja inacheza ngoma yake, mjini hujui, kwenye tisini unajua. Ndiyo maana ya alama. Kabla hujavitenganisha, chora rangi huku na huku, ukirudisha zikutane, ameuimba wimbo huo tangu ana nywele, ameuimba nchi nne, na bado, na bado mtu wa miaka kumi na tisa... "Umefunga propela kama unafunga mzigo wa kuni!" ndivyo alivyosema, mbele ya wateja wanne, na wateja wakacheka, maana yeye hata akikaripia huchekesha, ndicho kipaji alichopewa badala ya sura, na Taratibu akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasema, "Shemeji, mimi nimefuata alama nilizozikuta." "Alama gani, za kuzaliwa?" Wakacheka tena. Mwalimu mwenyewe, mwenye gari, alicheka mpaka akavua miwani. Taratibu hakucheka, wala hakukasirika, alikunja koti lake la kazi mara nne, akaliweka juu ya benchi, na angalau angepiga mlango... "Lori linataka kupita," mkewe alisema. Lipite, lina haraka gani, akalisogelea bega la barabara, lori likapita na upepo wake, na utingo ananing'inia dirishani, utingo, mimi nilikuwa hivyo hivyo, mwembamba hivyo, siku kumi na moja mpakani na shehena ya vitunguu, na yule afisa aliyemwomba mbuzi pasipoti... mbuzi. Siku ya kuifungua propela alikuwa anasimulia habari za mbuzi. Alikuwa amelala chini ya gari hili hili, miguu nje, na mwalimu amesimama pembeni anashika mbavu, na mdomo ulikuwa mpakani na mikono ilikuwa kazini peke yake, bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, afisa anasema mbuzi asogee mbele, bomba likateleza kutoka ndani ya mwenzake, sss, na grisi yake, mbuzi naye akatazama pembeni kama hakuitwa, na kicheko kikalipuka juu, na yeye akacheka huko chini, na vipande viwili vimelala kifuani pake. Viwili. Vimetengana. Bila alama... lakini alama zilikuwepo, rangi nyeupe, amezikagua mwenyewe wiki hii, zilikutana vizuri, zimenyooka... zimenyooka kwa sababu zilichorwa mezani. Alizichora baadaye. Alitazama huku, akatazama kule, akachovya brashi, akabahatisha, hapa na hapa, kwa maana wangesemaje, fundi mkubwa amesahau wimbo wake mwenyewe, kisha akaenda kunywa maji na kummalizia mwalimu kisa, na kesho yake akasema, Taratibu, rudisha hiyo propela, fuata alama. Naye alifuata. Jino kwa jino, kama pete. Na usijidanganye kwamba ulisahau, mzee, hukusahau, kila ulipokaribia mlango wa jambo hilo mzaha ulitangulia, ukakushika mkono, ukakutembeza kwingine, na sasa Taratibu anabeba mifuko ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mgongo ule, juzi dada yake alimpelekea dawa ya kuchua na kurudi na macho mekundu... "Umeshaijua shida?" Mkewe amegeuka, ana macho ya mdogo wake, yakikutazama hayakuharakishi. Mzaha ukaja, mzuri hata, ulishafika mdomoni na shati limepigwa pasi, akauacha upite. "Zile alama nilizichora mimi," alisema, "baada ya kutoa. Nilibahatisha. Yeye alifunga sawasawa." Sauti ilitoka nyembamba, akadhani ni ya mtu wa nyuma. Mkewe alirudisha uso barabarani. "Mimi simwambii," akasema. "Sanduku nitampa. Hilo, hapana." "Nitamwambia mwenyewe." "Wapi?" Wapi, swali gani hilo, kwake, mlangoni, watu wawili, mkono begani, shemeji mambo haya hutokea... na kabla hajajibu akajua mlangoni hapatoshi, kwamba waliocheka walikuwa wanne, kwamba itabidi amwombe mtu yule asimame tena pale pale kando ya benchi, na mwalimu awepo, na wale wengine, na aseme, nao watangoja kichekesho, watangoja wameshaanza kutabasamu, ndivyo alivyowazoesha, naye atasimama mbele ya tabasamu zile, mikono mitupu, mpaka ziishe moja moja. "Gerejini," alisema. "Mbele yao." Mkewe aliacha kuangalia barabara, akamtazama yeye, na mguu wa fundi ulikuwa bado pale pale, mshale kwenye tisini, kiti kikitetemeka chini yao wote wawili.