Salamu za Wakoli Getini

Mimi sisamehi haraka, na sitaki kuombewa. Kwa miaka sita nilikuwa na hamu ya kukutana tena na Wakoli, na Jumanne iliyopita nikamkuta kwenye kochi, mguu juu ya stuli, ploti ya tatu kutoka nyumba ninayopanga hapa mtaani Kware.

Wakoli alikuwa supavaiza wa kiwanda kimoja cha biskuti, Industrial Area. Sisi vibarua tulikuwa tunapanga laini getini saa kumi na mbili asubuhi, yeye anapita akitusalimia kwa mkono, mmoja mmoja. Usidhani ni adabu. Alikuwa anakufinya vidole huku akikuangalia machoni, na ukikunja uso tu, unarudi nyumbani. Alisema mkono unaouma hauwezi kupakia katoni.

Asubuhi moja niliamka vidole vimevimba na kukaza. Aliponifinya nililia mbele ya watu. "Umezeeka, Kamene," akasema. "Hayo ni magonjwa ya nyanya. Nenda ukalee wajukuu." Laini nzima ikacheka. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa darasa la tatu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilimwamini. Miezi minane nilijipaka mafuta ya kuchua nikidhani uzee umeniwahi. Nilipofika kliniki, Daktari Gedi alinigombeza, kisha akanieleza kwamba baridi yabisi si ya aina moja. Kuna ile ya magoti ya mama yangu, ya viungo kulika kwa miaka mingi, ambayo huuma ukitembea na kupoa ukikaa. Yangu ni ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe, mikono yote miwili, na asubuhi vidole vinakaza zaidi ya saa nzima. Inashika hata vijana. "Ungekuja mapema," akaniambia, "labda tungeviokoa hivi viwili." Vidole hivyo viwili vya mkono wa kulia vimepinda mpaka leo, na ni kwa sababu ya vidole hivyo nilimwekea Wakoli kinyongo moyoni.

Siku hizi mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa, nazunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wangu. Jumanne nikabisha kwa wapangaji wapya. Mwanamke akafungua, akasema anaitwa Carolyne. Nilipompa mkono, akanigeuzia kifundo cha mkono, vile tunavyofanya mikono ikiwa michafu. "Samahani, nafua nguo," akasema. Nikashika kifundo, nikaingia, na ndani nikamwona mumewe.

Wakoli hakunitambua. "Daktari, nimerogwa," akaniambia. "Ni wale watu niliowafukuza kazi." Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa. Kilimshika ghafla Jumapili, na hata shuka likikigusa anaumia. Kando yake palikuwa na bakuli la supu ya matumbo na chupa mbili za bia. Nikajua papo hapo ni gauti. Nikajua pia kwamba kweli milima haikutani, lakini watu hukutana.

"Acha nipime," nikasema.

Nikakishika kile kidole, nikakifinya huku nikimwangalia machoni, vile vile alivyokuwa akifanya getini. Akapiga yowe mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nilihesabu mpaka tatu ndipo nikaachilia, na nilisikia raha, sitadanganya. "Umezeeka, Wakoli," nikamwambia. "Nenda ukalee wajukuu."

Akanitazama usoni, akatazama vidole vyangu, akakumbuka. "Nitakuripoti," akasema.

"Ripoti. Na uwaambie ulikuwa unatusalimia vipi."

Nilikuwa nimeamua kuondoka bila kumwambia anaugua nini. Akae na uchawi wake na supu yake, mkuki si kwa nguruwe tu. Nikageuka, na Carolyne alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Alikuwa amelikumbatia kwa mikono kama anayeogopa kutumia vidole. Nguo zote zilikuwa kavu, na mikono yake ilikuwa mikavu pia, imevimba kwenye viungo vyote.

"Tangu lini, dada?" nikamuuliza.

"Mwezi wa pili huu. Asubuhi siwezi hata kufunga kifungo." Akamtazama mumewe. "Yeye anasema ni uvivu."

Hasira niliyosikia hapo ilikuwa mpya kabisa. Nikarudi, nikavuta kiti mbele ya Wakoli. "Hujarogwa," nikamwambia. "Ni gauti, kuna takataka ya damu imeganda ndani ya kiungo. Acha bia na matumbo, nenda upimwe, upewe dawa, na baada ya siku chache utatembea. Lakini ya mkeo haiishi hivyo. Mkeo ana hii." Nikamwekea vidole vyangu viwili karibu na pua. "Kesho saa mbili mtakuwa kwa Daktari Gedi, na yeye ataonwa kwanza. Hizo nguo utafua wewe. Umekaa, na mikono yako ni mizima."

Akafungua mdomo. Nikakitazama kidole chake cha mguu, naye akakikinga kwa mikono yote miwili.

Carolyne akaliweka beseni karibu na stuli. Nikamwandikia barua ya kliniki, akanisindikiza mlangoni. Nilipompa mkono wa kuaga, akanigeuzia kifundo tena. Sikukishika, nikangoja. Polepole akaviweka vidole vyake ndani ya vyangu, nami sikufinya.