Kiti cha Japuonj

Kijiko kiligonga kikombe gizani. Ngo, ngo. Kikanyamaza, kisha kikagonga tena, safari hii kwa hasira kidogo, kama mwenye nyumba aliyefungiwa nje.

Maurine alifumbua macho. Stima ilikuwa imepotea tangu jana jioni, na alfajiri ilikuwa bado inajivuta kufika Hurlingham. Akapapasa simu, akamulika. Baba yake alikuwa ameketi kitandani, suruali ya suti imeshavaliwa, viatu vimefungwa kamba, kikombe mkononi. Tangu madaktari wamfungue koo kumtoa uvimbe, hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake: kijiko cha kuita, na mnong'ono wa kukwaruza kwa mengine yote.

"Leo Jumamosi," akanong'ona.

"Najua, Baba. Lala."

"Vijana wangu wanacheza."

Maurine akakaa ukingoni mwa kitanda. Hawi, bintiye wa miaka mitano, alikuwa amelala mguu mmoja nje ya blanketi, hana habari na dunia. "Daktari alisema nini, Baba? Mshono haujakauka. Mtu akikupiga kumbo shingoni tu, damu haitangoja gari."

"Sitacheza mimi," mzee akasema, na mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka. Kisha cheko likaisha. "Wiki ijayo wananipasua tena. Nataka niwaone kabla. Hata kama hawatanisikia."

Ukitaka kujua mzee huyu, Zadock, alikuwa nani, ungeuliza mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya uwanja wa Chuo cha Ufundi cha Kirichwa. Alikuwa kocha wa timu yao, Nyundo, tangu Maurine akiwa wa kubebwa mgongoni. Akipaza sauti kutoka kwenye mstari, watu walikuwa wanageuka mpaka barabarani. Mashabiki hawakumwita kocha. Walimwita Japuonj, mwalimu kwa Kijaluo, na waliomwita hivyo hawakuwa Wajaluo peke yao. Hata Ramesh wa duka la vyuma alitamka jina hilo kwa adabu, kama mtu anayesalimia mkwe. Japuonj aliwanunulia wachezaji viatu kwa mshahara wake. Japuonj alimtoa mtoto wa watu korokoroni saa moja kabla ya fainali. Ndivyo walivyosimulia, na kila msimulizi aliongeza chumvi yake.

Alipostaafu akarudi Siaya kulima, mashabiki walikichukua kiti chake cha mbao, kile cha kukunja, wakakifanya kama kitu cha ibada. Kila mechi walikibeba kwa nyimbo, wakakitandika kando ya mstari, wakakifunika kitambaa chekundu. Hakikaliwi. Kinangoja mwenyewe. Mwaka jana vijana wa Mzinga, timu ya chuo kimoja cha Ngara, walikiiba wakakichoma mguu mmoja. Siku hiyo meno yalimwagika kama njugu. Kiti kikatiwa mguu mpya, na tangu hapo kikalindwa kuliko bibi arusi.

Maurine, aliyemleta baba yake Nairobi kutibiwa bila mashabiki kujua, aliyajua hayo yote. Ila alikuwa mama pia, na alijua uso wa mtu anayeomba kitu cha mwisho. Akamvika baba yake kofia ya sufu, akamfungia skafu juu ya mshono, na kwa kuwa baridi ilikuwa inauma, akamtia ile sweta nzito aliyomnunulia sokoni Gikomba. Sweta ya kijani.

Rangi ya Mzinga ilikuwa kijani. Wala hilo halikumpitia akilini.

*

Walipofika watatu langoni mwa uwanja, vita vilikuwa vimetangulia. Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye mtaro, mdomo wa juu umepasuka mara mbili, anatema damu kati ya magoti yake. Mawe yalikuwa yanaruka juu ya ukuta. Mtu alipita mbio ameshika sikio lake, na mkono wake ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko.

"Turudi, Baba."

Mzee hakumsikia. Alikuwa anatazama fulana. Kila shabiki wa Nyundo alikuwa amevaa fulana nyekundu, na kifuani pa kila fulana palikuwa na uso: ndevu nene, mashavu yaliyojaa, mdomo wazi katikati ya ukelele. Uso wake yeye, wa zamani. Mamia ya Zadock walikuwa wanampita wakiimba, na hata mmoja hakumtambua Zadock huyu, aliyenyolewa ndevu kwa ajili ya upasuaji, mashavu yameingia ndani, sweta inamning'inia kama imetundikwa msumarini.

"Wananipenda kweli," akanong'ona.

"Wanakupenda, Baba."

Akamkalisha na Hawi kwenye ngazi ya jukwaa, mahali palipokuwa na akina mama na utulivu kidogo. "Msitoke hapa. Nawaletea chai." Kibanda cha chai hakikuwa mbali. Alikuwa ameshashika vikombe aliposikia nyimbo zikikatika.

Ukimya wa uwanja una namna yake. Maurine akageuka.

Baba yake alikuwa ameona kiti. Ungemlaumu? Miguu ilikuwa imemchoka, na kile pale kilikuwa kiti chake mwenyewe, kimetandikwa, kinamngoja. Alikuwa ametembea polepole kamshika Hawi mkono, akakunja kile kitambaa chekundu vizuri kama mtu mwenye adabu zake, akaketi. Alikuwa anatabasamu.

"We mzee!" sauti ikapasuka. "Unajua umekalia kiti ya nani?"

Aliyesema alikuwa Maxwell, mchapaji wa fulana River Road, kiongozi wa mashabiki, mwanamume mwenye kifua kama mlango wa stoo. Ule uso wa fulana ni yeye aliyeuchora, ni yeye aliyeuchapa. Angeweza kuuchora amefumba macho.

Zadock alifungua mdomo. Midomo yake ilisema, Ni mimi. Haikutoka hata pumzi ya kusikika.

"Cheki sweta!" mwingine akapiga kelele. "Ni Mzinga huyo! Wametuma buda atutukanie kiti!"

"Eti anacheka! Anatucheka!"

"Mzee, amka, nisikukosee heshima," Maxwell akasema, na kwa kweli alisema hivyo, Maurine alimsikia akiwa anakimbia na chai ikimchoma mikono. Mzee akanyoosha mkono akamgusa Maxwell kifuani, hapo penye uso. Alikuwa anamwonyesha. Ni mimi, huyu ni mimi.

Maxwell akauona mkono wa Mzinga juu ya uso wa Japuonj.

Akakivuta kiti. Mzee akaanguka kwa mgongo, kichwa kikagonga mstari wa chokaa. Maxwell akakikunja kile kiti kwa pigo moja la goti, akakiinua kwa mikono miwili, akakishusha. Mbao zililia kwenye mbavu. Akakiinua tena. Mara ya pili kilimpata mdomoni. Hapo wengine wakajimwaga, buti na viatu vya raba, kila mmoja na teke lake, na kila teke lilikuja na wimbo. Ndiyo, waliimba. Walikuwa wanaimba jina lake huku wakimkanyaga.

"Japuonj! Japuonj! Japuonj!"

"Ni yeye!" Maurine alipasua koo. "Ni yeye mnayempiga! Ni Japuonj!" Lakini nani angesikia? Alikuwa anapaza jina lile lile walilokuwa wanaliimba. Akamng'ata mtu mkono mpaka akaonja chumvi. Akapigwa kiwiko cha jicho. Akapita katikati ya miguu kwa magoti, akamlalia baba yake, na mateke mawili matatu yakamwingia yeye kiunoni. Skafu ilikuwa imelowa. Akabana shingo ile kwa viganja vyote viwili, damu ikimtoka kati ya vidole, moto kama uji.

"Hawi! Hawi uko wapi?"

Hawi alikuwa amesimama hatua chache, amekumbatia kitambaa chekundu, macho makavu, anatazama. Hakuna aliyemgusa. Hakukosa kuona chochote.

Kilichowaokoa ni askari. Gesi ya machozi ililipuka, watu wakatawanyika kama siafu waliomwagiwa mafuta, na Sammy, mlinzi wa chuo, akaja na toroli la kubebea nyasi. Wakampakia mzee humo, sweta ya kijani imekuwa nyeusi.

*

Aliishi. Wauguzi wa hospitali ya Upper Hill walisema ni mikono ya Maurine. Mbavu zilivunjika, meno ya mbele yalikwenda, shingo ikashonwa upya, lakini jioni alikuwa amefungua jicho moja, na jicho hilo lilikuwa na akili zake timamu.

Habari ilikuwa imeshafika mjini: Japuonj amerudi Nairobi, na amepigwa uwanjani nusu ya kufa. Nani kampiga? Hilo hakuna aliyeuliza. Jibu lilikuwepo kabla ya swali: Mzinga.

Saa ya kuona wagonjwa, mlango wa wodi ukajaa fulana nyekundu. Hawi akajitupa nyuma ya pazia la kitanda. Maurine akasimama.

Maxwell alipiga magoti kando ya kitanda. Dume zima lile lililia mpaka kamasi. "Japuonj. Baba yetu. Ona walivyokufanya." Akamgeukia Maurine. "Wewe ni nyar Japuonj, binti yake? Dada, pole. Pole sana. Mungu hajalala."

Hakumtambua kuwa ndiye aliyemlalia mzee kule uwanjani. Maurine alimtazama vizuri, akaona kweli mtu huyu hajui. Kwenye mikono yake palikuwa na vibanzi vya mbao, na kwenye fulana, juu ya ule uso wenye ndevu, matone ya damu yaliyokauka.

"Unaona hii?" Maxwell akasema, akiishika fulana kwa fahari katikati ya machozi. "Hii damu ni ya mmoja wao. Alikuja na sweta yao, akakalia kiti yako, Japuonj. Nilimlaza. Kumbe wenzake nao walikuwa wanakulaza wewe upande mwingine! Lakini usijali. Mwenzetu Macharia ako nje na vijana mia. Tunaenda Ngara saa hii. Hosteli yao ina mlango mmoja tu."

"Na petroli iko," mmoja akaongeza.

"Tutawatoa wakiwa majivu," Maxwell akasema, kwa upole kabisa, kama anayemwahidi mgonjwa supu.

Zadock akatikisa kichwa. "Hapana," midomo yake ikasema.

"Pumzika, Baba. Wewe una roho safi, ndiyo maana wanakuonea."

Vidole vya mzee vikamshika Maurine kifundo cha mkono. Vilibana. Jicho lile moja lilimwangalia, kisha likamwangalia Maxwell aliyepiga magoti, kisha likarudi. Maurine alilisoma kama alivyolisoma tangu utotoni. Usimwambie. Mtu huyu akijua, atajiua. Ni vijana wangu.

Naye Maurine aliwaona akilini wale wa Ngara, wavulana wa watu wanaopika ugali kwa jiko la pamoja, na mama zao huko waliko, wanangoja simu ya Jumamosi. Kama akinyamaza, wataungua kwa ajili ya baba yake. Kama akisema, atamvunjia baba yake kitu ambacho mateke hayakukifikia: ile imani kwamba alipendwa. Akafungua mdomo. Vidole vikabana zaidi, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo mgonjwa yule. Akaufumba.

"Twende, wazee," Maxwell akasema, akiinuka, akipangusa magoti. "Kelele tutapigia huko." Wakaanza kugeuka, na tayari kule nje kwenye ngazi wimbo ulikuwa umeanza, Japuonj, Japuonj, sauti mia zikipanda ukutani.

Pazia likasogea. Hawi akatoka. Alitembea mpaka mbele ya yule dume, akainua uso kumtazama, akamnyooshea kidole.

"Ni wewe ulimpiga babu."