Mahali Sauti Inapokatikia

Kwa miaka ishirini Adalbert Mwenze aliwaambia watu wa mtaa wa Makomeno kwamba nyenze, wale wadudu waimbao mitini wakati wa joto, wamekwisha Lubumbashi. Alisema hivyo msibani, alisema harusini, na kila mara alitaja sababu: moshi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, fundi mstaafu wa mashine za kusaga mawe ya shaba, na alizungumza kwa sauti kubwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

Mkewe, Victorine, alimpinga mara mojamoja.

"Baba Lydie, ba nyenze beko. Minabasikia hapa ku avoka yetu."

"Unakumbuka tu bya zamani, Mama Lydie," Adalbert alimjibu, naye Victorine alirudi kutwanga sombe yake, majani ya muhogo.

Mwaka huu parokia iliunda kamati ya kuandika barua kwa wakuu wa mji juu ya vumbi na moshi. Mwenyekiti, mwalimu Kasonde, alimchagua Adalbert awe wa kwanza kutoa ushuhuda siku ya Jumapili baada ya misa. Maneno yake yalikwisha kupigwa chapa: nyenze wote wamekufa.

Alhamisi kabla ya siku hiyo, binti yao Lydie alirudi nyumbani na casque mpya, kifaa cha kusikilizia kinachovaliwa kichwani. Lydie hurekodi kwaya na harusi, na nyuma ya nyumba ana chumba cha kazi alichokizungushia magodoro ya zamani ili kelele za nje zisiingie. Kila anaponunua casque hupima kwanza masikio yake. Kompyuta hutoa mlio mmoja, wenye mitetemo elfu moja kwa sekunde, kisha elfu mbili, kisha elfu tatu, ukizidi kuwa mwembamba mpaka mtu asisikie tena. Siku hiyo Lydie alifika elfu kumi na sita. Mama yake, aliyekuja kuchungulia, alifika elfu kumi, wakacheka. Adalbert akaingia.

"Leteni na mimi. Hii masikio ilikuwa inajua mashine itaharibika wakati gani, kabla ya injenia yeyote."

Hakuwa anajisifu bure. Siku moja, akiwa kijana, alisimamisha mashine nzima kwa sababu ya mkwaruzo ambao hakuna mwingine aliyeusikia. Walipoifungua walikuta chuma kimepasuka, na chini yake ndipo wenzake wawili walipozoea kusimama. Tangu siku hiyo hakuwahi kuwa na shaka na masikio yake.

Lydie alimvika casque. "Ukisikia, inua mukono, Papa."

Elfu moja, mkono ukapanda. Elfu mbili, ukapanda. Elfu tatu, ukapanda baada ya kitambo. Elfu nne ukapanda, elfu tano ukapanda, na Lydie akaondoa kidole chake kwenye kompyuta.

"Papa, hapa mbili za mwisho sikufungua sauti. Ilikuwa kimya."

Adalbert hakuwa mtu wa kujidanganya mbele ya mashine.

"Nilikuwa naangalia kidole yako," alisema. Akainuka, akageuza kiti mwenyewe, akakaa kuelekea ukutani. "Sasa rudilia."

Lydie alirudia. Safari hii mkono ulipanda kwenye elfu moja, kwenye elfu mbili, na kwenye elfu tatu kwa shida. Kwenye elfu nne haukupanda. Lydie aliongeza sauti kidogo, kisha akaacha, maana kuongeza zaidi ni kuumiza sikio. Adalbert aligeuza casque, upande wa kushoto ukaenda kulia. Jibu likawa lile lile. Akaivua, akampa mkewe, mlio ukiendelea. Victorine aliivaa, akakunja uso, akaivua upesi.

"Weee, hii inachoma masikio."

Basi Adalbert akajua kwamba casque ni nzima.

Alikaa mikono magotini, kisha akauliza swali ambalo wenzake hawakulitegemea. "Lydie, nyenze inaimba ku ngapi?"

Ilikuwa saa tisa mchana, mwezi wa kumi, joto la kungoja mvua. Lydie alitoka na kinasa sauti, akakisimamisha chini ya mti wa avoka, mparachichi wao, dakika mbili, akarudi. Kwenye kompyuta sauti zilijichora kama mistari, na mmoja ulikuwa mnene kuliko yote.

"Ni hii, Papa. Karibu elfu tano."

"Na umeikamata sasa hivi? Ku mti yetu?"

"Sasa hivi."

Adalbert aliugusa ule mstari kwa kidole.

"Ngoja," Lydie alisema. Alipunguza mwendo wa ile sauti nusu, na ilipopungua mwendo ikashuka pia, ikawa nzito. Akamvika baba yake casque tena. Mzee alifumba macho. Kwanza uso wake haukubadilika, kisha kichwa chake kikaanza kuinama kidogo kidogo kufuata mdundo.

"Ni yeye," alisema. "Njo yeye kabisa. Lakini anaimba kama muntu amelewa."

Victorine alicheka, na yeye akacheka, na machozi yakamtoka wala hakuyafuta.

"Juu ya nini hamukuniambia?" aliuliza Adalbert.

"Nilikuambia myaka makumi mbili," Victorine alisema.

"Ni kweli. Uliniambia." Akamshika mkono. "Nisamehe, mama."

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Kasonde kumweleza kwamba ushuhuda wake si wa kweli. Mwalimu hakufurahi.

"Papa Adalbert, tuache vile iko. Ile neno ya nyenze inakamata bantu ku roho. Na moshi si iko ya kweli?"

"Moshi iko ya kweli, njo maana sitaki kuichanganya na bongo, na uongo. Wakubwa bakikuta bongo moja mu barua, batatupa barua yote."

Mzee alikwisha kuamua.

Jumapili ukumbi ulijaa. Adalbert alisimama, ile karatasi iliyopigwa chapa ikiwa imekunjwa mfukoni.

"Myaka makumi mbili nilibaambia ba nyenze balikufa," alisema. "Nilikosa. Ba nyenze beko. Masikio yangu njo ilikufa, na sikujua. Mashine iliyakula polepole, myaka makumi mbili na sita, na sikuyafunika hata siku moja. Moshi, bengine batawaambia. Mimi nasema ile naijua."

Watu waligeukiana. Kisha Kangwa, aliyefanya naye kazi zamu moja, akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Banaimba? Hata sasa?"

Madirisha yalikuwa wazi. Nusu ya ukumbi iliitikia kwa kichwa. Kangwa alitazama nyuso za watu moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta nani anamtania, akaona hakuna.

"Kuya hapa mbele," Adalbert alimwambia. "Lydie yuko na kompyuta. Tuone yako inakatikia wapi."

Aliweka kiti kuelekea ukutani na kukataza watu wote kusema. Siku hiyo walipima wastaafu kumi na mmoja, na tisa kati yao hawakuvuka elfu nne. Kasonde mwenyewe aliandika majibu, akayatia katika barua, akaeleza wazi kwamba kipimo hicho hakikufanywa na daktari.

Daktari wa masikio aliwaona wiki mbili baadaye. Kangwa alisafishwa nta iliyoziba, akarudishiwa usikivu kiasi fulani. Kwa Adalbert daktari alisema kilichokufa hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Adalbert alimshukuru, akamwomba vizibo vya masikio, si kwa ajili yake mwenyewe. Alitoka na boksi zima.

Mwezi wa kumi na moja yeye na Lydie walisafiri hadi mji wa migodi wa Kambove, kwa vijana wenye kusaga mawe kwa mashine ndogo za mafuta. Wengi walikuwa wanasikiliza muziki kwa sauti kubwa ili kushinda kelele. Mmoja, Merdi, mwenye miaka ishirini na minne, alisema masikio yake hayana shida.

"Vizuri," Adalbert alisema. "Kaa. Geukia kule."

Merdi aliishia elfu tisa. Alidhani casque imeharibika, akaomba Lydie ajipime mbele yake, na Lydie akafika elfu kumi na sita. Merdi aliomba kupimwa tena. Adalbert alimruhusu mara tatu bila kuchoka, na mara zote tatu mkono wake ulikomea elfu tisa.

"Na miye niko na myaka ishirini na ine tu, Papa," alisema kwa sauti ya chini.

"Njo muzuri. Hii iliyobaki bado iko nyingi." Adalbert alimfundisha kukunja kizibo kwa vidole, kuvuta sikio juu, na kukiingiza mpaka kikae. Kisha akaenda kuiwasha mashine mwenyewe, ili Merdi asikie tofauti.