Chunya Steringi Hafi

Chunya bwana, steringi hafi! Wachimba dhahabu wa enzi zile hawakutaka hata kusikia. Steringi, shujaa wa filamu, akiuawa, walivunja mabenchi. Ndipo Jailos, aliyeendesha mashine ya sinema na kutafsiri kwa kipaza sauti, akabuni dawa. Steringi akikaribia kufa, anazima mashine, anamalizia kwa mdomo. "Akapona! Akaoa! Wakahamia Mbalizi, wakafungua duka!" Watu wanashangilia, wanarudi makwao wameridhika. Benedicta alimpendea hapo hapo, na akaolewa naye.

Sasa ukumbi wa sinema umeuzwa, utakuwa ghala la tumbaku. Na Jailos anaumwa. Daktari kule Mbeya alimvuta Benedicta kando, akamwambia amrudishe mzee nyumbani, dawa hakuna tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa wameolewa na Jailos. Amwambieje? Na asipomwambia, watoto walioko Kilolo watakuja lini kuagana na baba yao? Njia nzima Benedicta alizungumzia mahindi tu.

Asubuhi Jailos alitaka apelekwe akauage ukumbi. Mafundi walikwisha kung'oa dirisha la tiketi. Aliketi kwenye benchi lililobaki, akihema, akiutazama ukuta mweupe uliokuwa ukionyesha picha.

"Mama Didas," akasema, "leo mtafsiri ni wewe. Daktari alisemaje?"

Loh! Benedicta akasimama mbele ya ukuta, akajifunga khanga vizuri. "Daktari alisema kifua cha steringi kimechoka kidogo. Akanywa dawa. Akapona. Akapanda mahindi yake, akacheza na wajukuu..."

Jailos akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Wee mwanamke! Umezima mashine mapema. Mchezo huu nimeuanzisha mimi, leo unanichezea mimi?"

Benedicta akalia. Akaketi ubavuni mwake, akamwambia yote aliyosema daktari, bila kuficha kitu. Jailos alimsikiliza amemshika mkono.

"Waite watoto," akasema mwishowe. "Aanze Didas, yule mkaidi, ana safari ndefu."

"Nitawaita leo."

Nje mafundi walikuwa wakipakia mbao kwenye guta la magurudumu matatu.

"Haya," Jailos akasema, akimwegemea begani, "sasa nimalizie ile ya kwako. Steringi alikuwa anacheza na wajukuu. Ikawaje?"

Benedicta akafuta machozi kwa pindo la khanga, akaendelea.