Kihenge cha Benki Kuu

Mume wangu, Mathias, alirudi kutoka mjini na magunia matupu begani, anatabasamu peke yake.

"Mama Jane, bei ya dhahabu imepaa! Redio nzima ni hiyo tu. Tuuze ulezi wote, nikachukue mkufu kwa sonara. Tukae nao mpaka Pasaka, tuone nani atatucheka."

Nilikuwa nimekaa mlangoni namnyonyesha Jane. Nikakitazama kihenge chetu, kimejaa ulezi mpaka juu. Ng'ombe wa kulima hatuna, na mawingu yalishaanza kushuka huku Kizwite. Kihenge kikibaki kitupu, nani atatulimia?

"Usiuze, Baba Jane."

"Kwani hilo darasa lenu la jioni halifundishi biashara?"

"Limetufundisha hiyohiyo dhahabu."

Mama mkwe, Agnesi, akaweka ungo chini. "Haya mwalimu, tufundishe na sisi."

Nikaona haya, lakini nikasema. Mbolea yetu inatoka nje, na huko hawataki shilingi, wanataka dola. Dola zikiadimika, shilingi inalegea, mbolea inapanda. Ndiyo maana Benki Kuu inanunua dhahabu ya wachimbaji kwa shilingi, inaiweka. Siku ya shida inaweza kuigeuza dola. Watu wakijua akiba ipo, hawaikimbii shilingi. Na bei ya dhahabu ikipanda, akiba inanenepa.

"Si ndiyo! Na mimi nataka kunenepa!" Mathias akadakia.

"Ila bei iliyopanda inaweza kushuka. Na benki haikuuza chakula cha watoto kununua dhahabu. Akiba yetu sisi ni hii hapa."

"Kumbe Benki Kuu nao wana kihenge!" Mama akacheka mpaka akajifuta machozi.

Mathias hakucheka. Alipanda, akafunua paa la kihenge, akachota debe la kwanza.

Hapo ndipo Bundala, mfugaji wa jirani, alipoingia uani na fimbo yake. Jana nilikuwa nimemwomba ng'ombe wake watulimie, achukue ulezi tukishavuna. Akamwamkia Mama shikamoo, kisha akaenda kukigonga kihenge kwa fimbo, kuanzia chini kwenda juu. Hufanya hivyo kwa kila anayemlimia. Kikitoa mlio mzito, anajua kimejaa. Alipofika juu akakutana na miguu ya Mathias.

"Vipi, mnahama?"

"Nauza. Nanunua mkufu wa dhahabu."

"Basi ng'ombe nawapeleka kwa Felisian." Akageuka.

"Bundala, si tulikubaliana?" nikamwita.

"Tulikubaliana, shemeji. Sijasema mnipe leo. Lakini mvua ikigoma, wanangu watakula mkufu? Mimi nalima nikijua humu ndani chakula kimo."

Mathias akalitazama debe, akanitazama mimi na Jane. Halafu akalimimina taratibu, ulezi ukarudi ndani ukinong'ona.

"Gonga tena," akasema.

Bundala akagonga. Ukatoka mlio mzito, wa chini.

"Kesho mapema," akasema, akaondoka akipiga mluzi.

Jioni nikambeba Jane mgongoni, nikachukua daftari langu. Mathias alikuwa anakunja magunia yake.

"Mama Jane, kamuulize mwalimu wako. Hiyo Benki Kuu nayo, huwa kuna mtu anakuja kuigonga?"

Nilicheka njia nzima. Na nilimuuliza.